Laini Moja, Nyumba Nzima: Historia ya Kugawana Mawasiliano Bukavu

BUKAVU, Kivu ya Kusini. 

Siku hizi, ukiingia katika parseli nyingi za Ibanda, Kadutu au Bagira jioni, utasikia swali moja: «Nani ana mega?» Nyumba iliyokuwa na watu sita sasa inalaza kumi na wawili, kwa sababu jamaa wamekimbia huku na huku. Kijana wa chuo anataka kupeleka kazi yake kwa mwalimu. Shangazi aliyekuja na mfuko mmoja tu anasubiri sauti ya mume wake aliyebaki upande wa Uvira. Kaka ana kompyuta ya zamani, dada ana nyingine, na laini ya intaneti iliyolipiwa ni moja. Hapo ndipo maneno yanapoanza: nani atumie kwanza, nani amekula forfe ya wote, nani alimpa jirani neno la siri.

Wengi wanadhani ugomvi huu umekuja na simu za kisasa. Si kweli. Mji wetu una historia ndefu ya watu wengi kutumia mlango mmoja wa mawasiliano. Nimeona ni vizuri tuipitie historia hiyo pamoja, kwa sababu ndani yake kuna majibu ya maswali ya leo.

Sanduku moja, majina mengi

Tuanze na posta. Wazee wanakumbuka kwamba hapa kwetu barua haikuletwa mlangoni na mtu wa posta. Ilikuja kwenye sanduku, lile tulilozoea kuliita B.P. Si kila familia ilikuwa na sanduku lake. Parokia ilikuwa na lake, shule lake, hospitali lake, kampuni lake. Mtu aliyekuwa na mtoto wake Kinshasa au Lubumbashi alimwambia: «Niandikie kwa B.P. ya parokia, uweke jina langu chini.»

Tazama vizuri jinsi mambo yalivyokwenda. Kwa posta, anwani ilikuwa moja tu, ile ya sanduku. Posta haikujua wala haikujali nani anaishi wapi ndani ya parokia. Kazi ya kuwafikishia watu barua zao ilikuwa ya sekretari, aliyewafahamu wote. Alisoma jina lililoandikwa chini na kusema: hii ni ya Baba fulani wa Nyamugo, hii ni ya masista, hii ni ya mwalimu. Bila sekretari, sanduku lilikuwa rundo la karatasi tu.

Tukumbuke hilo, kwa sababu wahandisi wa intaneti baadaye walitengeneza kitu kinachofanana sana na sekretari huyu.

Foni na daftari lake

Posta ilidhoofika wakati wa Zaire, na simu za waya zilidhoofika pamoja nayo. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Telecel ilileta simu za mkononi Kinshasa, lakini zilikuwa za matajiri na wakubwa, kwa maelfu ya dola. Huku mashariki, mtu wa kawaida aliyetaka kuzungumza na Kamituga, Shabunda au Kindu alikwenda kwenye foni.

Foni ilikuwa redio ya mawimbi mafupi, yenye waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili au kutoka paa hadi paa, na betri ya gari chini ya meza. Misheni zilikuwa nayo, wafanyabiashara wa dhahabu na wa kasiteriti walikuwa nayo, mashirika pia. Aliyeishika alikuwa na daftari. Ulipofika ulitaja jina lako, mahali unapotafuta na mtu unayemtaka. Aliandika. Saa ilipofika aliita ule upande wa pili, nao wakatuma mtoto kumwita mtu wako. Ulipopata nafasi ulisema kwa kifupi, ukamaliza kwa kuachia kitufe ili mwenzako naye aseme, maana kwenye foni watu wawili hawawezi kusema kwa wakati mmoja.

Foni ilikuwa na mambo matatu ambayo yatarudi tena na tena katika historia hii. La kwanza, njia ilikuwa nyembamba, kwa hiyo lazima kungojeana. La pili, daftari: bila kuandika nani ameomba nini, jibu likirudi halijui liende kwa nani. La tatu, siri haikuwapo. Kila mwenye redio kwenye masafa yale alisikia kwamba mama yako ni mgonjwa na kwamba unaomba pesa.

Vita vilipokuja, foni ilizidi kuwa na maana. Mwaka 1996 mji wetu uliingia katika vita vya AFDL. Agosti 1998 vita vya pili vilianza na Bukavu ikawa chini ya RCD, ikatengana na Kinshasa kwa miaka. Hata habari za redio zilibanwa: Redio Maendeleo, iliyoanzishwa hapa mjini mwaka 1993, ilifungwa mwaka 1999. Katika miaka hiyo redio moja yenye betri nzuri ilikuwa mali ya parseli nzima. Watu walikusanyika kusikiliza idhaa za nje, na aliyefahamu Kifaransa aliwatafsiria wengine. Huo nao ulikuwa mlango mmoja kwa watu wengi.

Mei 1994: sekretari wa mashine

Sasa tuvuke bahari kidogo, kisha tutarudi nyumbani.

Kila kompyuta inayozungumza kwenye intaneti inahitaji anwani, namba inayoonyesha majibu yarudi wapi. Mpango wa namba hizo uliandikwa mwaka 1981. Ulitoa nafasi ya namba 4,294,967,296, karibu bilioni nne na robo. Wakati ule, mtandao wa kompyuta ulikuwa hasa kitu cha vyuo vikuu na majeshi, na idadi hiyo ilionekana kama bahari isiyokauka. Lakini haikutosha hata namba moja kwa kila mwanadamu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi waliona wazi kwamba namba zitaisha.

Mwezi Mei 1994, wahandisi wawili, Kjeld Egevang na Paul Francis, walitoa maandishi mafupi yenye wazo jepesi. Walisema: si lazima kila mashine iwe na namba inayojulikana dunia nzima. Mashine za nyumba moja au ofisi moja zinaweza kuwa na namba za ndani tu, na mlangoni pakawekwa mashine moja yenye namba ya nje. Mashine ya mlangoni inapokea ombi kutoka ndani, inafuta namba ya ndani na kuweka ile ya nje, kisha inalituma. Inaandika katika orodha yake: ombi hili limetoka kwa fulani. Jibu likirudi, inatazama orodha na kulipeleka kwa mwenyewe.

Unaona? Ni B.P. ya parokia na sekretari wake. Ni foni na daftari lake.

Februari 1996 wahandisi walikubaliana rasmi namba zipi zitumike ndani ya nyumba tu, na hazitatoka nje kamwe. Ndiyo sababu hadi leo ukifungua ruta nyingi za nyumbani, iwe Bukavu, Nairobi au Muscat, utakuta namba zinazoanza na 192.168. Nyumba yako inazo, na ya jirani inazo zilezile, wala hazigongani, kama vile kila parseli inavyoweza kuwa na «chumba cha mwisho» bila kumchanganya mtu wa parseli nyingine.

Mei 1994 sisi wa Maziwa Makuu tunaikumbuka kwa sababu nyingine kabisa. Rwanda ilikuwa katika mauaji ya kimbari, na miezi miwili baadaye mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka Ruzizi kuingia upande wetu. Nani hapa Bukavu angekuwa na habari ya karatasi ya wahandisi? Lakini karatasi ile ndiyo iliyofanya iwezekane, miaka mingi baadaye, laini moja ihudumie nyumba iliyojaa wahami.

Siberi

Intaneti ilipofika kwa watu wa kawaida hapa mjini, haikufika nyumbani. Ilifika kwenye siberi. Juu ya paa kulikuwa na sahani kubwa iliyotazama setilaiti, na chini kulikuwa na chumba chenye kompyuta kadhaa, feni moja na mtu wa kupokea pesa mlangoni. Ulilipa kwa dakika.

Setilaiti za namna ile ziko juu ya ikweta, karibu kilometa 36,000 kutoka ardhini. Ombi lako lilipanda hadi kule, likashuka Ulaya au kwingine, na jibu likapita njia ileile kurudi. Hata kama hakuna mtu mwingine kwenye laini, safari peke yake ilikula zaidi ya nusu sekunde. Na kwa kawaida watu wengine walikuwapo.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua laini ya kilobiti 128 kwa sekunde, kipimo kilichokuwa cha kawaida kwa biashara ndogo wakati ule. Picha ya megabaiti moja ina biti milioni nane. Ukiwa peke yako, picha hiyo inakuja kwa sekunde 62 hivi. Mkiwa wawili na wote mnavuta, kila mmoja atangoja dakika mbili na zaidi. Mkiwa kumi, ni dakika kumi. Kwa hiyo mteja mmoja aliyepakua filamu alikuwa amewaibia tisa wengine bila kugusa mifuko yao. Wenye siberi waliojua kazi yao walizuia jambo hilo. Waliweka pia programu ya kuhifadhi kurasa: mtu wa kwanza akifungua ukurasa wa habari, nakala inabaki pale ndani, na wa pili anaupata bila kurudi setilaiti.

Katika vyumba hivyo ndugu waliotawanywa na vita walipatana tena kwa barua pepe. Mara nyingi anwani ya barua pepe ilikuwa moja kwa familia nzima, na neno la siri lilijulikana na kijana mmoja aliyesoma. Yeye ndiye alikuwa sekretari mpya. Alichapisha barua, akaipeleka nyumbani, akawasomea wazee.

Wakati huohuo simu za mkononi ziliingia. Celtel ilianza Kongo mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002. Watu wa karibu na mpaka walikuwa pia na kadi za Rwanda, kwa sababu antena za upande wa pili wa Ruzizi hazijui mpaka. Baada ya makubaliano ya Pretoria ya Desemba 2002 na serikali ya mpito ya mwaka 2003, nchi ilianza kuunganika tena, na mitandao nayo ikapanuka.

Kompyuta mbili, laini moja

Sasa tufike nyumbani. Kompyuta za mtumba zilianza kuonekana katika nyumba za walimu, wafanyakazi wa mashirika na wanafunzi wa vyuo. Nyumba chache zikawa na mbili. Kulipa laini mbili ni jambo ambalo karibu hakuna aliyeweza. Hapo ndipo wazo la mwaka 1994 lilipopata kazi ya nyumbani.

Mwaka 1999 Microsoft iliweka ndani ya Windows 98, toleo lake la pili, uwezo wa kugawana muunganisho. Kompyuta moja iliyounganishwa na laini ilikuwa mlango. Ilihitaji njia mbili: moja ya kutoka nje, nyingine ya kwenda kwa mwenzake. Kompyuta ya pili iliunganishwa kwa waya. Kama hakuna swichi, ilibidi waya uwe wa kukingama, yaani nyuzi za kupeleka za upande mmoja zikutane na nyuzi za kupokea za upande wa pili. Vijana wa ufundi walizikata na kuzipanga wenyewe kwa koleo maalumu. Kompyuta ya mlangoni ilijipa namba 192.168.0.1, ikampa mwenzake namba nyingine, na kazi ikaanza.

Udhaifu wake ulionekana haraka katika mji kama wetu. Kompyuta ya mlangoni ikizimwa, ya pili nayo haina intaneti, hata kama yenyewe inawaka. Na hapa kwetu kuzimika si jambo la ajabu. Tuna mitambo ya umeme ya Ruzizi karibu kabisa, lakini kila mkaaji anajua maana ya kukatiwa kuranti. Basi baba akiwa na kompyuta kubwa ya mezani, na mtoto akiwa na ya kubeba yenye betri, kuranti ikikatika mtoto alibaki na betri isiyo na faida.

Ndiyo sababu ruta ndogo ilishinda. Ni kisanduku kinachofanya kazi moja tu, ya sekretari. Haina skrini, haina haja ya kuwashwa na kuzimwa, na inakula umeme kidogo sana. Hesabu tena: betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Ukitumia nusu tu ili usiiharibu, una 300. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini ya zamani ikila wati 150, betri hiyo inaisha kwa saa mbili. Ruta inayokula wati 10 itafanya kazi kwa saa 30. Yaani kuranti ikikatika jioni, ruta inaweza kulala macho hadi kesho yake usiku, na kila mwenye betri kwenye mashine yake anaendelea.

Kutoka kle hadi simu

Kuanzia mwaka 2012 makampuni ya simu nchini yalianza kutoa mtandao wa 3G, na mwaka 2018 ukafuata 4G. Watu walinunua kle ya intaneti, kile kidude cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, kikiwa na kadi ya simu ndani. Kle ilikuwa ya mashine moja, lakini vijana walitumia ujuzi uleule wa zamani: kompyuta yenye kle ikawa mlango wa nyingine.

Halafu simu yenyewe ikawa ruta. Tangu mwaka 2010 simu za Android zimekuwa na uwezo wa kugawa intaneti kwa wifi. Yule anayesema «niwashie partaje» anaomba kitu kilekile: simu yako iwe mlango, impe namba ya ndani, iandike katika orodha yake nani ameomba nini, irudishe jibu. Kazi iliyohitaji kompyuta nzima mwaka 1999 sasa iko mfukoni mwa mama anayeuza nyanya Kadutu.

Mabadiliko makubwa yalikuwa upande wa malipo. Kwenye siberi ulilipia muda. Kwenye simu unalipia kiasi, yaani mega. Katika malipo ya muda, mgeni mwenye pupa anakuchelewesha. Katika malipo ya kiasi, anakumaliza. Kompyuta moja iliyoamua kujisasisha yenyewe usiku inaweza kula mamia ya mega kabla jogoo hajawika, na asubuhi nyumba nzima inashtakiana. Mara nyingi mwizi si shemeji wala mgeni. Ni mashine.

Serikali nayo ilipita hapohapo. Kuanzia Septemba 2020 kila mwenye simu alikatwa uniti kwa ajili ya kodi iliyoitwa RAM. Watu walilalamika nchi nzima, hadi ikaondolewa mwaka 2022. Kwa nyumba inayotegemea simu moja kwa watu kumi, uniti zilizokatwa zilikuwa za watu kumi.

Idjwi na Gulu

Kugawana hakuishii ndani ya nyumba. Kuna mifano miwili ya karibu ambayo wahami na wenyeji wangefaa kuijua.

Wa kwanza ni wa hapa hapa jimboni. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa letu, kilikaa miaka mingi bila mtandao wa kutosha. Karibu na mwaka 2016, shirika la Ensemble pour la Différence, pamoja na wabunifu wa kampuni ya Fjord ya London, lilisaidia kuanzisha mtandao wa wakaaji ulioitwa Pamoja Net. Muunganisho mmoja ulisambazwa kwa antena, na skrini za umma zikawekwa kwa wale wasio na simu za kisasa. Jina lenyewe lilitosha kueleza mpango. Bukavu nayo ilikuwa na jaribio lake, Mesh Bukavu, lililohesabiwa kati ya mitandao ya kijamii ya Afrika.

Mfano wa pili ni wa kaskazini mwa Uganda. Wakati wa vita vya LRA, watu wapatao milioni 1.8 walisukumwa kambini. Jimbo kuu Katoliki la Gulu lilianzisha mpango wa BOSCO, na kuanzia mwaka 2007 kompyuta zinazokula umeme kidogo, zenye nguvu ya jua, ziliwekwa katika kambi, zikaunganishwa kwa antena za masafa marefu. Hizo zilikuwa kambi za watu waliopoteza mashamba na nyumba. Walipewa njia ya kuandika na kusikika, na amani iliporudi, vituo hivyo viliendelea kutumika na waliorudi vijijini.

Mifano hii miwili inaonyesha kwamba antena si sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni kupatana: nani analipa, nani anatunza betri, nani anasuluhisha watu wakigombana. Mahali palipo na mapatano, laini moja inatosha wengi. Mahali pasipo na mapatano, hata laini tatu hazitoshi.

Siku tulizokatwa

Kuna kipindi ambacho hata mwenye mega elfu hakuwa na kitu. Januari 2015, katika maandamano kuhusu sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ilikatwa tena, na ikarudi karibu na tarehe 20 Januari 2019. Takribani siku ishirini.

Kwa sisi wa mpakani, njia ilikuwa ileile ya zamani: kadi ya Rwanda, na mahali ambapo antena ya upande wa pili inafika. Mwenye kadi hiyo akawa sekretari wa avenyu. Watu walimletea ujumbe: mwambie mwanangu Kampala kwamba tuko salama. Teknolojia ilikuwa ya mwaka 2019, lakini utaratibu ulikuwa wa B.P. na foni.

Halafu ukaja mwaka 2025. Goma mwishoni mwa Januari, Kavumu na Bukavu katikati ya Februari. Wengine walikimbilia Uvira, wengine wakavuka kwenda Burundi, wengine walibaki. Benki zilifungwa. Kuanzia hapo, laini ya intaneti imekuwa njia ya kupokea msaada wa ndugu, ya kujua nani yu hai, ya mtoto kuendelea na masomo. Ndiyo maana ugomvi wa «nani ametumia mega» unaumiza kuliko zamani. Mtu hagombei kutazama video. Anagombea kusikia sauti ya mtoto wake.

Daftari la nyumba

Historia hii inatufundisha nini kwa nyumba yenye laini moja na mashine mbili, au simu kumi?

Kwanza, njia ni nyembamba, na kungojeana si aibu. Kwenye foni kila mtu alijua zamu yake. Nyumba inaweza kupanga vilevile: saa za masomo ni za wanafunzi, saa za jioni ni za wenye ndugu mbali. Ujumbe wa sauti wa dakika moja ni mwepesi mno kuliko video ya dakika moja. Anayetaka kuona uso wa ndugu yake ana haki, lakini na wengine wajue kwamba zamu yake ni nzito.

Pili, mashine zifungwe midomo. Kwenye kompyuta na simu, zima kujisasisha na kupakua picha kwenyewe unapotumia mega za kulipia. Kufanya hivyo kutaokoa kuliko kumfukuza mgeni kwenye wifi. Lakini usiache mashine bila kusasishwa mwaka mzima, maana inakuwa mlango wa wezi. Fanya siku ukipata laini isiyo na kipimo.

Tatu, malipo yasemwe wazi mapema. Mhami asiye na kitu hawezi kuchangia sawa na mwenyeji mwenye kazi. Anaweza kuchangia kwa kupeleka betri kuchajiwa. Wenyeji wetu wanajua tangu bomba la Regideso kwamba mchango si lazima uwe franka.

La nne ndilo zito zaidi. Tulisema mashine ya mlangoni inafuta namba za ndani na kuonyesha moja tu ya nje. Faida yake ni kwamba watu wengi wanapita. Upande wake wa pili ni kwamba, kwa aliye nje, nyumba nzima ni mtu mmoja, na mtu huyo ni mwenye laini. Mgeni akituma uongo, matusi ya kikabila au picha ya kuhatarisha watu, anwani itakayoonekana ni ya aliyelipa. Katika wakati kama huu, neno la siri la wifi ni kama ufunguo wa parseli. Mpe unayemfahamu, libadilishe watu wakihama, na usimwonee haya jirani kumwambia sababu. Na wewe uliyepewa, usimpe mwingine bila kuuliza. Umepewa jina la mwenye nyumba utembee nalo.

Yule mshika foni wa zamani alijua mambo hayo bila kusoma karatasi ya wahandisi. Hakumkatalia mtu kwa sababu ni mgeni. Lakini hakuwahi kubonyeza kitufe kabla ya kuandika daftarini: jina lako, unatoka wapi, unamtafuta nani.

Kwenu mlio kambini, au katika nyumba ya ndugu ambako mnaona aya kuomba partaje kila jioni: ombeni. Na mwenye laini, ukisikia ombi hilo, uliza tu swali la mshika foni: unamtafuta nani? Mara nyingi jibu litakuonyesha mwenyewe zamu ya kwanza ni ya nani.